Jani la Isale Lililorudishwa

Kiboriloni,
Alhamisi, 17 Oktoba 2024.
Asubuhi ya manyunyu. Mlima umefunikwa mpaka chini.

Wifi Rachel,

Utashangaa kuletewa karatasi na Yoramu wakati simu tunazo. Yangu nimeizima na kuifungia kabatini. Ninachoandika hapa nataka kisomwe na mtu mmoja, na simu za siku hizi ukimwandikia mmoja unasomwa na ukoo mzima. Yoramu anashusha ndizi hapa kila siku ya soko, kwa hiyo ukinijibu mpe yeye.

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye kibanda changu cha kushonea, nakata kitambaa cheupe cha gauni la Grace wako la kipaimara. Zita, yule mama wa ndizi mbivu anayekaa jirani na mimi, akaja akasimama mlangoni, mikono kifuani, kama watu wanaokwenda msibani.

"Pole, dada Eli," akasema. "Hata sisi Wakatoliki tunakuombea."

"Mnaniombea nini? Mimi si mgonjwa."

"Haya ya mumeo Davis na yule wa Pasua. Usijisumbue kuficha, mwenzangu. Dada yangu ameolewa huko kwenu Marangu. Ameniambia yametoka nyumbani kwenu kwenyewe, kwenye maombi."

Mkasi ukaenda kombo. Sasa gauni la mtoto lina mkato kiunoni ambao sikuupanga.

Rachel, jambo hili nilimwambia mtu mmoja tu. Ulikuwa mwezi wa nane, nilipokuja kuwasaidia kuchuma kahawa. Nilikwambia jinsi mume wangu anavyoshuka na wageni kutoka mlimani, na badala ya kufika nyumbani na vumbi na jasho kama waongozaji wenzake, anafika ameoga, ananukia sabuni ambayo mimi sijawahi kuinunua. Nilikwambia nilivyomfuata mpaka Pasua na nilichokiona kwenye kamba ya nguo ya mwanamke yule: soksi za mlimani nilizomfumia kwa mkono wangu. Ulilia kuliko mimi. Ukaniapia juu ya ndoo ya kahawa kwamba hayatatoka.

Nawe ni mwanamaombi. Najua mnavyofanya mkikutana wanawake: "Nina ombi maalumu, wapendwa," kisha mtu anavuliwa nguo mbele ya watu, na anayemvua amefumba macho. Hata kukasirika siwezi. Nitamkasirikia vipi mtu aliyeniombea?

Kwaya nimeacha. Jumapili nilikaa benchi la nyuma karibu na mlango, na hata pale nilihisi shingo za watu zinataka kugeuka. Tulipofika kwenye Sala ya Bwana, pale pa kuwasamehe waliotukosea, nilinyamaza nikawaacha wenzangu wapite.

Mimi ni msimamizi wa ubatizo wa Grace, na kipaimara ni tarehe nane mwezi wa kumi na mbili. Nitasimamaje nyuma ya mtoto madhabahuni mbele ya kanisa linalojua rangi ya soksi za mume wangu? Gauni nitalimaliza. Kupanda huko, sidhani.

Niambie ukweli: ni wewe?

Nimeandika kwenye daftari langu kwamba jana nimepata usingizi saa kumi, jogoo wa Zita ameshawika.

Elinipendo

*

Marangu,
Jumapili, 20/10/2024

Wifi yangu mpendwa,

Hapa hatujambo. Kahawa iliyobaki inakaushwa, mvua inatuchezea, tunaanika tunaanua. Ng'ombe amezaa dume. Jackson anaugua jino na hataki kung'oa, anasema la babu yake lilipona lenyewe, na mimi namwambia babu yake alikufa hana jino hata moja. Mama yako hajambo, anakula. Masikio tu ndiyo yamezidi kufunga tangu masika. Juzi aliniomba chumvi, mtu wa ng'ambo ya mto akaitikia.

Sasa hilo ulilouliza.

Ni mimi. Yametoka kwangu. Sina la kujitetea, na naomba usiniulize ilikuwaje.

Nimekukatia jani la isale kwenye ua wetu hapo njiani, nimelifunga fundo kama wazee wanavyofunga, nimempa Yoramu. Nimemwambia asiliweke pamoja na ndizi. Wewe ni mtoto wa hapa, unajua jani hili likimfikia mtu hawezi tena kukataa kusamehe, mimi sina haja ya kukufundisha.

Nisamehe, wifi. Na uje umsimamie Grace.

Rachel

*

Kiboriloni,
Jumatano, 23 Oktoba 2024.
Asubuhi ya ukungu mwepesi. Baadaye jua.

Rachel,

Jani lako nalirudisha kwa mkono uleule uliolileta.

Yoramu hakutaka kulipokea. Tulisimama katikati ya mikungu ya ndizi tunasukumana mikono kama watoto. "Mama, hili halirudishwi," akasema. "Mimi nabeba ndizi, nabeba barua, nabeba hata kuku. Isale lililokataliwa sijawahi kubeba, na babangu hakuwahi." Wanawake wa soko walishaanza kusogea. Ilibidi nimwambie kwa sauti: "Mimi ni Mkristo. Nimesamehewa kwa damu ya Bwana, siyo kwa majani ya uani." Mmoja akacheka, "Hata Wakristo wanapanda masale, mama, au mpaka wa shamba lenu umewekwa na Mtume Paulo?"

Basi ndivyo ilivyo. Nimekuwa mtu wa kuchekwa sokoni.

Unasema nisikuulize ilikuwaje. Ungenipa hata sababu moja, hata ya uongo, ningeishika. Mstari mmoja tu umeniandikia, wewe ambaye jino la Jackson umelipa nusu ukurasa!

Nitakuambia ninachowaza usiku, ili nisikiweke tumboni. Nawaza kwamba damu yangu isingenifanyia hivi. Mama yangu angekatwa ulimi kabla hajataja aibu yangu mbele ya watu. Lakini wewe ulikuja kwetu kwa kuolewa. Nilikushika mkono mimi mwenyewe nikakuleta kwa mdogo wangu Jackson, nikasema huyu ni dada yetu. Nilikosea. Mgeni ni mgeni, hata akikaa jikoni miaka yote.

Davis ameshuka jana kutoka mlimani amebebwa. Goti limevimba kama boga. Hajateleza, hajaanguka, limejikataa lenyewe tu njiani. Yuko kitandani, namkanda kwa maji ya moto na hatusemezani. Ananiangalia nikikamua kitambaa. Hajui kama najua. Au anajua, sijui. Soko zima linajua, kwa nini yeye asijue?

Nimelala saa tisa.

Elinipendo

*

Marangu,
Jumapili, 27/10/2024

Wifi,

Jani limefika. Yoramu alilishika kwa vidole viwili mpaka hapa, kama mtu aliyebeba nyoka. Hata chai alikataa.

Nimesoma barua yako mara moja. Mara ya pili sikuweza.

Huyu mgeni ndiye anayemwosha mama yako miguu jioni, maana mgongo haumruhusu kuinama. Mgeni ndiye anayemsagia nyama kwenye mtori wa ndizi, ndiye anayemwamsha akiota vibaya. Mgeni anajua anapenda uji wa moto kiasi gani. Damu iko Kiboriloni inashona. Haya, nimesema, nimemaliza. Jackson ameniambia nisiandike hivyo. Nimemwambia akang'oe jino kwanza ndipo anifundishe adabu.

Sikukasirikii. Ungejua jinsi ambavyo sikukasirikii ungeshangaa. Kuna usiku nimeishika kalamu nikaiweka.

Usinisamehe kama huwezi. Mimi nitaishi. Lakini mtoto hajakukosea kitu. Anasoma katekisimu akitembea, anasoma akikata majani ya ng'ombe. Amri zote anazo na maana zake, anakwama kwenye ile ya kumshuhudia jirani uongo. Kila akifika hapo ananiangalia, na mimi najifanya natafuta mwiko. Ameniuliza, "Shangazi atasimama kushoto au kulia?" Nimemwambia nyuma. Msimamizi anasimama nyuma.

Pole na goti la shemeji. Nimemwambia mama kwa kumpigia kelele sikioni. Akasema, "Goti lipi?" Nikamwambia la kulia. Akatikisa kichwa, akaenda zake kwa ng'ombe. Nilidhani angesikitika zaidi.

Rachel

*

Kiboriloni,
Jumapili, 17 Novemba 2024.
Mvua tangu alfajiri. Sikwenda kanisani.

Rachel,

Gauni limekwisha. Pale mkasi ulipokosea nimeweka pindo na utepe, mtu asiyejua atadhani ndiyo mtindo.

Simpi Yoramu kwa sababu ya matope. Nitalileta mwenyewe Jumamosi kwa gari la kwanza, nitalitundika kwenye lango ndani ya mfuko wa nailoni kabla hamjaamka, na nitarudi kwa gari hilohilo likigeuza. Naomba usinisubiri na usimwambie mama.

Kwa kipaimara chenyewe, tafuteni msimamizi mwingine. Mwambieni mchungaji naumwa. Siyo uongo.

Elinipendo

*

Kiboriloni,
Jumamosi, 23 Novemba 2024.
Asubuhi ya baridi, bila wingu. Mlima mweupe wote, mpaka mabegani.

Wifi yangu Rachel,

Sijui nianze wapi, kwa hiyo nitaanza na njia, kama ninavyofanya kwenye daftari.

Gari lilinishusha barabarani bado giza linachuja. Nikapanda na kichochoro kile cha kwetu, masale kushoto, mfereji kulia, mfuko wa gauni kifuani. Nilikuwa nimejifunika kitenge mpaka kwenye nyusi kama mwizi. Kengele ya ibada ya asubuhi ilikuwa haijalia. Nilipokaribia pembe ya banda la ng'ombe nikasikia sauti ya mama.

Nilidhani anagombana na mtu. Alikuwa anapiga kelele kabisa. Nikasimama.

"Bwana," alikuwa anasema, "leo nimekuja tena na Elinipendo! Yule wa Kiboriloni! Mume wake ana mwanamke Pasua, nilishakwambia! Mtoto wangu anaona aibu hata kuja kwangu. Wewe ulinipa huyu mtoto baada ya wawili kufa. Usimwache akakauka! Na Davis asante kwa goti. Nilikuomba goti, ukanipa goti. Usilizidishe, ana kazi. Lakini lisipone mpaka ajue anarudi wapi!"

Rachel, nilikaa chini. Nilikaa kwenye ukingo wa mfereji, kwenye matope, na gauni jeupe magotini.

Kisha akakutaja wewe. "Na Rachel, anayebeba lisilo lake. Sijui ni nini, haniambii, lakini naona mabega yake. Mpunguzie." Ng'ombe akalia, mama akamwambia anyamaze, bado hajamaliza.

Wakati huo akina mama wa ibada ya asubuhi walikuwa wanapanda. Walikuwa wengi, na vitenge na taa za simu. Nikajibana kwenye masale nikatamani ardhi inimeze, maana sasa nilijua. Kila asubuhi wanapita hapa. Kila asubuhi jina langu linapigiwa kelele kwenye pembe hii, pamoja na Pasua, pamoja na kila kitu, na njia nzima ya kanisa inasikia isipokuwa mwenye sauti.

Nikangoja wacheke. Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko, nilishakisikia sokoni.

Walisimama. Wa mbele alizima taa yake, na wa nyuma wakazima. Wakainamisha vichwa hapo hapo njiani. Mama alipofika mwisho wake, akasema amina yake moja kama mtu anayefunga mlango, wale wanawake wakasema amina. Walisema polepole, kwa chini, kama watu wasiotaka kumshtua mtu. Mmoja alikuwa analia. Mwingine akamnong'oneza mwenzake, "Leo amemwombea vizuri." Ndipo wakaendelea na safari yao. Mmoja aliniona pale kwenye masale. Akaniangalia usoni, akanijua. Hakusema "pole" wala "kumbe." Alinivuta kitenge kikanifunika bega lililokuwa linalowa umande, akapita.

Najua mmoja wao ndiye aliyempelekea Zita. Sijasahau, na wala sijapona. Nilipokuwa nakaa pale aibu ilikuwa imenijaa mpaka masikioni. Lakini ilikuwa aibu nyingine, haikuwa ile niliyopanda nayo.

Nilikuandikia kwamba damu yangu isingenifanyia hivi. Nilikuandikia kwamba mama angekatwa ulimi. Nawe ulikuwa unayasoma hayo wakati unamsikia kila asubuhi, ukakaa kimya, ukaniandikia "ni mimi" ili nisimchukie mama yangu mwenyewe. Nimekuita mgeni! Nimerudisha isale lako mbele ya soko, nikalitaja jina la Bwana nikilirudisha, kama vile Yeye ndiye aliyenituma.

Kwa nini hukuniambia?

Gauni nililitundika langoni. Utaona chini lina matope kidogo, ni yangu. Sabuni ya kawaida itayatoa, usilipaushe kwa dawa.

Nina ombi nalo linanitia haya kuliko yote. Hapa Kiboriloni tumezungukwa na kuta za matofali, hakuna mtu mwenye isale. Nimemuuliza hata Zita. Nataka kukuletea jani, wifi, kwa mikono miwili, na jani sina. Kama hutaona ni vibaya, mpe Yoramu moja aniletee, ili nikuletee.

Sijui nitalala saa ngapi.

Elinipendo

*

Marangu,
Jumanne, 26/11/2024

Wifi yangu,

Gauni nimelifua, limetakata. Grace amelivaa akakataa kulivua, amekula nalo ndizi nimesimama na taulo.

Umenifanya nicheke na kulia siku moja. Mtu amekosea, halafu anamwomba aliyemkosea amtumie jani, ili amletee jani yeye! Nimemsomea Jackson kipande hicho tu. Akasema, "Hapo ndipo utakapomjua dada yangu. Hata kutubu anataka vipimo."

Lakini usinifanye mtakatifu, sitaweza kulala. Sikiliza nikwambie yote.

Nilikosa kweli. Mwezi wa nane ulipoondoka, mama aliona ulivyoacha mtori bakulini. Akaniuliza. Nikasema umechoka. Akauliza tena kesho yake, na kesho kutwa, mpaka siku moja akakataa kula na yeye. "Kama mtoto wangu hali, na mimi sili." Nikashindwa. Nikavunja kiapo changu.

Sasa hebu fikiri, wifi, kumwambia mama yetu siri! Nilimpeleka katikati ya migomba, mbali na njia, mbali na kwa jirani. Nikamwekea mdomo sikioni. Nikanong'ona, akasema, "Eeh?" Nikaongeza. "Eeh?" Mwisho nilipiga kelele "PASUA!" mpaka kunguru wakaruka. Nikadhani basi, migomba haina mdomo. Sikufikiria kwamba atakwenda kumwambia Mungu, na Mungu naye siku hizi anaambiwa kama mimi ninavyoombwa chumvi.

Nilipogundua, ilishapita wiki. Nilimkuta mzee wa kanisa amesimama njiani na kofia mkononi. Nilitaka kumkataza mama. Nilikwenda mpaka mlangoni mwa banda. Yuko amepiga magoti kwenye majani makavu, mkono mmoja kwenye mgongo wa ng'ombe ili asianguke. Wifi, ningemwambiaje? "Mama, umemvua mwanao nguo mbele ya kanisa, na umefanya hivyo kwa kuomba"? Angekufa. Au asingekufa, angenyamaza, na hilo ni baya zaidi. Mama akinyamaza nyumba hii itasimama juu ya nini?

Kwa hiyo nilichagua. Nikasema ukinichukia mimi utabaki na mama. Ukimchukia mama utabaki na nani? Na haukuwa uongo mtupu, yametoka kwangu kweli. Ila barua yako ile ya mgeni ilinichoma. Sitasema haikunichoma.

Kuhusu jani, Yoramu amekataa. Anasema amestaafu kazi hiyo.

Wala sina haja ya kukata jingine. Lile ulilorudisha lilikuwa na kipande cha shina, mimi sikuangalia vizuri nilipokata. Liliporudi sikujua nilifanyie nini. Kulitupa siwezi, kuliweka ndani naogopa. Nikalichomeka ardhini kwenye pembe ya banda, pale pale ulipomsikia mama. Nikalisahau. Jana nimekwenda kuliangalia baada ya barua yako. Limeshika. Limetoa jani jipya, dogo, kijani kibichi.

Njoo ulichume mwenyewe. Hatua chache tu kutoka hapo hadi mlangoni kwangu, nitakuwa nimesimama.

Mama haambiwi kwamba anasikika. Tumekubaliana?

Rachel

*

Kiboriloni,
Jumatatu, 9 Desemba 2024.
Asubuhi jua la mapema, umande mwingi. Mlima wazi mpaka saa mbili, halafu ukajifunika.

Mama, shikamoo.

Naandika kwa herufi kubwa ili miwani isikusumbue. Rachel atakupa barua hii ukiwa peke yako. Usimwombe akusomee, isome mwenyewe polepole. Nimegundua, nikiwa mtu mzima hivi, kwamba kuna mambo sikuweza kukwambia kwa sababu ningelazimika kuyapigia kelele. Karatasi haina kelele.

Jana uliniona nimesimama nyuma ya Grace. Uliona mkono wangu begani kwake. Wakati anajibu maswali ya katekisimu sauti yake haikukwama hata mara moja, hata kwenye amri ile. Kanisa lote lilikuwa linaniangalia, na mimi nikaliangalia. Niliona nyuso nyingi za wale wanaopita kwetu asubuhi. Nilidhani nitainamisha macho. Niliyainamisha kidogo, halafu nikayainua.

Uliniuliza kwa sauti mbele ya wageni kwa nini nilifika alfajiri nikiwa na jani la isale mkononi, na kwa nini Rachel alilipokea mlangoni akisema, "Jamani, Mkristo mzima na majani ya uani!" halafu tukakumbatiana mpaka likapondeka. Sikukujibu kwa sababu watu walikuwa wengi. Nakujibu sasa. Nilimkosea Rachel sana. Nilimwita mgeni. Amenisamehe kabla sijafika mlangoni, lakini alinipa nafasi nitembee nalo.

Lingine ni la Davis. Najua unalijua. Sikukwambia kwa sababu niliona aibu, siyo aibu ya watu, aibu yako wewe. Ulinizaa baada ya misiba, ukanisomesha kwa maziwa ya ng'ombe, ukanivalisha shela. Niliona kwamba nikikwambia nimeachwa nikiwa bado nimo ndani, nitakuwa nimekuharibia kazi yako. Kwa hiyo nilikula nusu bakuli la mtori nikarudi mjini. Nisamehe mama.

Amekuja jana na fimbo, ulimwona akikaa kwa wanaume. Ulimshika goti ukacheka peke yako, hakuelewa. Juzi ameniambia yote mwenyewe bila kuulizwa, ameketi kitandani, na akasema Pasua amekwisha kupaaga. Nimemwambia nimesikia. Sijamwambia nimesamehe, kwa sababu bado, na sitaki kumwambia Mungu uongo wala yeye. Jana tulipoalikwa kwenye Meza ya Bwana nilibaki nimekaa. Nilibaki kwa sababu yake yeye, siyo ya Rachel tena. Lakini kwenye Sala ya Bwana, pale ninaponyamaza, nilisema nusu. Nusu nyingine bado naitafuta. Naamini anayenisikiliza ananisubiri.

Sasa ombi langu. Uniombee, mama. Omba pale pale bandani, saa ile ile, usihamie ndani hata kukiwa na baridi. Taja jina langu lote. Mtaje na Davis, na mambo yake kama yalivyo. Usinifichie kitu. Mimi nilikuwa nafikiri aibu yangu nitaibeba kwa kuifunika, ikanielemea mpaka nikamwangushia mwenzangu. Wewe uibebe hivyo unavyoibeba, mkono kwenye mgongo wa ng'ombe.

Na Rachel naye umtaje. Lile alilokuwa amelibeba amelitua.

Gauni la Grace mlikunje, msilitundike. Utepe ule wa kiunoni usitolewe.

Jana tulipofika nyumbani, Davis alitaka kuzungumza. Nilimwambia kesho. Nilivua viatu nikakaa kitandani nifungue daftari, niandike siku kama ilivyokuwa, na sikuandika hata mstari. Asubuhi hii nimejaza nafasi iliyobaki: hali ya hewa, kipaimara, jani. Mwisho nimeandika nimelala saa tatu, taa ikiwaka.

Mwanao,
Elinipendo